Nzohe Thelathini na Wanne

Kwenye mafunjo ya Bwirama hairuhusiwi kusema. Anayehesabu nzohe huingia na mtumbwi kabla jua halijatoka, yeye amekaa mbele, mpiga kasia nyuma yake, na kiunoni amefunga mifuko miwili ya kitambaa. Mmoja ni mtupu, wa pili una mahindi na maharage. Akiona jike, punje ya hindi inahama mfuko. Akiona dume, linahama harage. Kalamu haifai, kwa sababu umande hulowesha karatasi, na kwa sababu ukiinama kuandika, nzohe aliyekuwa mbele yako hayupo tena. Swala huyu aliumbwa kwa ajili ya maji. Kwato zake ndefu zinapanuka ili asizame kwenye tope, na akishtuka hakimbilii nchi kavu. Anajizamisha mwili mzima na kuacha pua tu juu.

Dorcas Kashindye amehamisha punje hizo kwa miaka kumi na tisa. Ninaandika habari zake kwa sababu watu wa aina yake, kwenye ripoti zetu, huandikwa "vibarua wanne", bila jina, chini ya mstari wa mafuta ya boti.

Bwirama ni kisiwa cha msitu, hifadhi ya taifa, mwendo wa saa mbili kwa boti ya injini kutoka Nansio. Wageni huja na darubini zao kutazama kasuku wa kijivu, hondohondo, furukombe, kima, fisi-maji na, wakibahatika, nzohe. Mimi nilifika miaka miwili iliyopita, nimetoka chuoni moja kwa moja, afisa mhifadhi msaidizi, na vitabu vitatu vya ndege ndani ya begi. Wiki ya kwanza nilisimama nje ya jiko la kambi nikimtazama ndege mmoja mdogo wa bluu kwenye tawi, darubini mkono mmoja, kitabu mkono wa pili, nikifunua kurasa. Dorcas alikuwa akimenya viazi. Bila kuinua kichwa aliniambia yule ni mdiria, ni jike, na kiota chake kimo kwenye ukingo wa udongo nyuma ya choo cha askari, kwa hiyo nikienda kujisaidia nisipige kelele. Aliponiita "msomi" siku hiyo hakuwa ananisifu, na hajaacha kuniita hivyo.

Alizaliwa Kisesa, kwenye boma la ng'ombe. Baba yake hakupata mtoto wa kiume, kwa hiyo aliyechunga ni Dorcas, miguu peku, kutoka alipokuwa na miaka saba mpaka alipomaliza darasa la saba. Aliolewa Nansio. Mumewe alivuka kwenda Mwanza mjini kutafuta mtaji wa duka, akapata duka na mke mwingine. Dorcas akabaki na binti wa miaka miwili, Winnie, na ndipo askari wa hifadhi wote walipoanza kumwita Mama Winnie, kwa maana alikuja kuwapikia. Mwaka mmoja, siku ya kuhesabu, mmoja wa wahesabuji alishikwa na malaria. Wakamtia mpishi ndani ya mtumbwi ili kujaza nafasi. Alirudi na punje nyingi kuliko askari yeyote. Tangu siku hiyo mkataba wake una kazi mbili na mshahara mmoja, nao hufanywa upya kila mwezi wa saba, mwaka mmoja mmoja, kama mtu anayepangishwa chumba.

Mwaka huu mambo yalikuwa yabadilike. Mkuu wetu wa ikolojia, Bwana Revocatus, alitangaza kwamba kutakuwa na sherehe mjini, kwenye ukumbi wa hoteli moja pale Nyamagana, kuadhimisha miaka kumi ya mafanikio. Nzohe wa Bwirama walikuwa wamepanda kutoka arobaini hadi sabini na mmoja. Wafadhili watakuwepo. Na mbele yao Mama Winnie atakabidhiwa barua ya ajira ya kudumu: bima, likizo, kiinua mgongo, vitu ambavyo hakuwahi kuwa navyo.

Kulikuwa na jambo la pili, na halikutangazwa kwa sauti kubwa hivyo. Kwenye mpango wa hifadhi kuna mfereji. Utakatwa katikati ya mafunjo, upana wa mita ishirini, ili boti za wageni zifike moja kwa moja kwenye gati jipya. Karatasi ya mpango inasema mfereji utaruhusiwa iwapo nzohe hawatakuwa chini ya sitini. Tulikuwa na sabini na mmoja. Vijiti vyenye utepe mwekundu vilikuwa vimeshachomekwa kwenye mafunjo, kuonyesha utakapopita.

Hesabu ya mwaka huu ilifanyika mwezi wa sita. Utaratibu ni huu: ghuba ya mafunjo ina midomo miwili. Mtumbwi wa Dorcas unaingia mdomo wa mashariki, wa Salum mdomo wa magharibi, na wanakutana katikati. Salum ni mzaliwa wa mjini Mwanza, mtu wa maneno mengi; kwake kukaa kimya saa mbili ndani ya mtumbwi ni mfungo wa pili. Lakini sheria ni sheria, na inaendelea hata baada ya kushuka. Wahesabuji hawazungumzi walichoona mpaka kila mmoja amemwaga punje zake, wasije wakaambukizana macho. Punje zote humwagwa kwenye sinia moja, za huyu na za yule, zinachanganyika, afisa anahesabu. Afisa mwaka huu nilikuwa mimi. Nilipata sabini na watatu, nikaandika. Kisha watu wakanywa chai.

Hapo ndipo palipoharibika, au palipotengenea. Kwa kawaida hesabu ikishatajwa hakuna anayejali nani aliona nini. Siku hiyo Salum alikuwa na hadithi.

"Leo nimemwona mama mkwe wangu," alisema. "Jike, sikio la kushoto limechanika kama jani la mgomba. Amesimama, ananitazama kama vile nimemrudishia binti yake."

Wapiga kasia walicheka. Dorcas hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Ana ndama?"

"Anaye. Mkia nusu."

"Ulimwona saa ngapi?"

"Jua lilishatoka. Karibu na katikati huku. Vipi, ni ndugu yako?"

"Huyo nilimtilia hindi mimi," Dorcas alisema. "Huku kwangu, kabla jua halijatoka."

"Kumbe tumeoa nyumba moja," Salum alisema, na watu wakacheka tena. Lakini Dorcas alikuwa ameshaokota kijiti. Alichora ghuba mavumbini, midomo miwili, akaanza kumuuliza Salum mnyama mmoja mmoja. Dume lenye pembe iliyokatika ncha. Jike lenye mistari minne mgongoni na wa tano umekatika. Jike jekundu sana, jembamba. Kila mara Salum alipojibu "ndiyo, nimemwona", Dorcas alichora mstari mfupi. Ilipofika mistari kumi na minane, Salum aliacha mizaha.

Mtu yeyote angeweza kuliona jambo lile, na hakuna aliyekuwa ameliona. Mtumbwi wa mashariki ukiingia, nzohe hawaruki wala hawapigi kelele. Wanateleza chini ya mafunjo, kupitia vichochoro vya maji walivyovitoboa wenyewe, wanaelekea magharibi. Wanaibuka mbele ya Salum. Wa magharibi nao wanakimbilia mashariki, wanaibuka mbele ya Dorcas; wachache wanazunguka tena, na Salum anawatilia punje ya pili bila kuwatambua. Tulikuwa tunawafukuza wanyama kutoka mfuko huu hadi mfuko ule, kisha tunamwaga mifuko yote miwili kwenye sinia moja. Sheria ya ukimya, iliyowekwa ili pasiwe na udanganyifu, ndiyo iliyouficha udanganyifu. Na lile ongezeko tunalolisherehekea? Nilikaa nalifikiria mchana kutwa. Kila mwaka wapiga kasia walizidi kuzoea, mitumbwi ikazidi kuwa miepesi, wahesabuji wakazidi kuwa na macho makali. Kadiri tulivyozidi kuwa hodari, ndivyo nzohe walivyozidi kuongezeka.

"Miaka kumi na tisa," Dorcas alisema jioni ile, akikoroga ugali wa askari. "Nimewapa watu uongo kwa mikono yangu."

Nilimwambia si uongo, ni kosa la mbinu. Chuoni tunaliita hivyo. Akanitazama.

"Msomi, kosa la mbinu linakatiwa mfereji?"

Akaniambia habari ya baba yake. Kwao Kisesa mzee hakuhesabu ng'ombe. Mgeni akimuuliza unao wangapi, alijibu, "Wapo." Kuhesabu mifugo kwa mdomo kulikuwa kama kuwaonyesha njia ya kuondoka. Lakini kila jioni alisimama kwenye mlango wa zizi, ng'ombe wakiingia, naye akiwatazama usoni, na zizi likifungwa alijua nani hayupo, anaitwa nani, na mara ya mwisho alikuwa amesimama wapi. Dorcas alikuja hifadhini na macho hayo, ofisi ikampa punje.

Asubuhi iliyofuata aliacha mitumbwi ufukweni. Yeye na Salum walifunga jukwaa la miti juu ya mkuyu unaotazama mafunjo, akanunua daftari la shule lenye mistari, na tukapanda, mimi na darubini yangu. Tulikaa asubuhi kumi na moja. Hatukumfukuza mnyama yeyote. Kila nzohe aliyejitokeza Dorcas alimchora: sikio, mistari ya mgongo, pembe, kovu. Chini yake aliandika jina, na majina yote yalikuwa ya ng'ombe wa baba yake. Nilimuuliza kama haoni kwamba itawachanganya watakaosoma. Akasema watakaosoma wamekwishachanganyikiwa.

Nimesoma miaka minne namna ya kutazama wanyama, lakini ni pale juu nilipowatazama kwa mara ya kwanza. Fisi-maji walikuja kila siku kula kaa kwenye jiwe lilelile na kuacha magamba yamepangana. Hondohondo walipopita, tulisikia mabawa kabla ya kuwaona, kama mtu anayekung'uta mkeka. Siku ya nne kima walipiga kelele ya ghafla, na nzohe sita waliokuwa wanakula walizama mara moja kama waliovutwa miguu; ndipo kivuli cha tai kikapita juu ya mafunjo. Nzohe wanawasikiliza kima. Hilo halimo kwenye vitabu vyangu vitatu. Dorcas alilijua zamani, ila hakuwahi kuulizwa.

Siku ya nane haikutokea sura mpya. Siku ya tisa haikutokea, wala ya kumi, wala ya kumi na moja. Majike ishirini na wawili, madume kumi na wawili. Thelathini na wanne. Ndama hatukuwatia, kama ilivyo desturi.

Tulimpelekea Bwana Revocatus daftari ofisini kwake. Simwiti mtu mbaya. Alifunua kurasa zote, taratibu, na nadhani alielewa kabla hatujafika mwisho, kwa sababu aliinuka akafunga mlango.

"Mama Winnie, hesabu rasmi ni ya mitumbwi," alisema. "Hii ni michoro."

Dorcas alimwambia kwamba ya mitumbwi aliifanya yeye, na haiko sawa.

"Sawa. Tuseme haiko sawa. Mwakani tutaandika sitini na nane. Mwaka unaofuata sitini na tatu. Tunashuka polepole, watano watano, mpaka tufike kwenye ukweli. Hakuna atakayeshtuka."

"Mkuu, utawapunguza wanyama ambao hawapo?"

Alinigeukia mimi, akaniuliza kama ninajua ni watu wangapi wanakula kwa sababu ya hifadhi hii kupata wafadhili. Nikamuuliza kuhusu mfereji. Akasema mfereji ni wa mwezi wa tisa, na kwamba mambo ya mfereji hayaamuliwi na mpishi. Alilisema neno lile bila hasira, kama mtu anayetaja rangi ya ukuta. Dorcas alichukua daftari lake mezani, akalifunga ndani ya khanga, akasema, "Shukrani, mkuu," tukatoka.

Siku tano zilizobaki kabla ya sherehe zilikuwa ndefu. Salum alikuwa na watoto watano na mkataba kama wa Dorcas. Alimwambia wazi: yeye hatasema, ila Dorcas akisema, hatakanusha. Winnie, ambaye sasa anasomea uuguzi mjini, alipiga simu, na Dorcas aliweka sauti kubwa akiwa anachambua mchele, kwa hiyo tuliokuwa jikoni tulisikia. Binti alimsihi mama yake apokee barua kwanza. Ukweli autaje baadaye, akishakuwa mwajiriwa, wakati hawataweza kumfukuza kirahisi. Lilikuwa shauri la akili kabisa, na nilitamani Dorcas akubali, kwa sababu nilikuwa nimemwona akipika na homa ili asikatwe malipo ya siku.

"Mwanangu, sasa hivi wanachoweza kuninyang'anya ni sufuria," alisema. "Wakishanipa hiyo barua nitaanza kuilinda."

Ukumbi wa Nyamagana ulikuwa na viyoyozi, viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, na chupa za maji kila meza. Kwenye ukuta waliangaza mchoro wa mstari mwekundu unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari ule niliuchora mimi mwenyewe mwaka uliopita, na nilikuwa najivunia. Dorcas alikaa mbele, amevaa kitenge kipya cha Winnie, Winnie pembeni yake. Mwakilishi wa wafadhili alikuwa mama mmoja kutoka Dar es Salaam, Bi Precious, miwani imening'inia kifuani, asiyecheka ovyo.

Hotuba zilikuwa nne. Katika ya nne Bwana Revocatus alimwita Mama Winnie jukwaani, akamtambulisha kuwa ndiye mama aliyewalea nzohe kutoka arobaini hadi sabini na watatu. Watu walipiga makofi. Akaishika bahasha mkononi, akampa kipaza sauti aseme neno la asante.

Dorcas alisubiri makofi yaishe. Alikishika kipaza sauti mbali na mdomo, kama mwiko wa moto, mtu akamwelekeza akisogeze.

"Shikamooni wakubwa," alisema. "Mimi ndiye niliyehesabu. Hao sabini na watatu hawapo. Wapo thelathini na wanne. Miaka kumi na tisa mimi na wenzangu tumekuwa tukimhesabu mnyama mmoja mara mbili, hata tatu, bila kujua. Sasa tunajua. Karatasi yenu inasema wasiwe chini ya sitini. Wako chini. Mkiukata ule mfereji, msiseme nzohe walihesabiwa vizuri, na msiseme ni Dorcas aliyewaambia. Barua naiona, na ninaitaka kweli. Ila siwezi kuipokea kwa ajili ya wanyama ambao hawapo."

Mtu mmoja akacheka, akidhani ni mzaha wa Kisukuma. Bwana Revocatus alichukua kipaza sauti na kusema mama yetu amezidiwa na furaha, chakula kiko tayari. Watu walianza kusogeza viti. Bi Precious hakuinuka. Aliuliza, bila kipaza sauti, ushahidi ni upi.

Dorcas alishuka jukwaani, akafungua khanga, akampa daftari. Yule mama alivaa miwani yake, akafunua ukurasa, na mwingine. Kutoka meza ya nyuma mtu alisema hayo ni masikio tu ya wanyama, na wengine wakacheka. Bi Precious aliuliza nani mwingine aliyewaona. Nilisimama, nikasema niliwaona wote, na kwamba ule mstari mwekundu ukutani niliuchora mimi na si wa kweli. Sauti yangu ilitetemeka. Naikubali aibu hiyo, maana hasira yote niliyotoka nayo chuoni haikuwa imewahi kuingia ukumbi wenye viyoyozi. Kisha kiti kililia nyuma yangu. Salum, aliyeapa kutosema, alikuwa amesimama amevua kofia.

"Ukurasa wa tatu, mheshimiwa," alisema. "Yule wa sikio lililochanika. Nilimhesabu na mimi. Wengine kumi na saba pia."

Bi Precious alikunja miwani. Alisema fedha za mfereji hazitatoka mpaka hesabu mpya ifanyike, ya njia moja, ya kutofukuza wanyama, na hilo aliomba liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kabla ya chakula. Likaandikwa. Bahasha ilirudi ndani ya koti la Bwana Revocatus. Nilikuwa natazama, aliirudisha polepole, kwa vidole viwili.

Mwisho wa mwezi wa saba mkataba wa Dorcas haukufanywa upya. Sababu iliandikwa: kutofuata utaratibu wa kuwasilisha takwimu. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Anayeandika uongo kwa utaratibu hupandishwa cheo, na anayesema kweli kwa mdomo wake hana utaratibu. Ofisi zetu zimejaa sentensi za namna hiyo, na vijana tunaohitimu tunafundishwa kuziandika vizuri. Mimi nilipewa onyo la maandishi. Salum alitolewa kwenye mitumbwi, akapangwa getini kukagua tiketi. Hesabu mpya imewekwa mwezi wa kumi na moja. Orodha ya wahesabuji imebandikwa, na jina la Dorcas halimo. Vijiti vyenye utepe mwekundu bado vimesimama kwenye mafunjo.

Winnie alilia, kisha akamtafutia mama yake nafasi ya kupika kwenye mgahawa mmoja karibu na chuo. Dorcas alikataa. Alipanga chumba Nansio, akaanza kuuza chapati na chai asubuhi kwenye kituo cha boti. Nilidhani mambo yameishia hapo.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane boti ya wageni ilifika saa moja asubuhi. Walishuka vijana wawili wa chuo, mzungu mmoja na mke wake, na mwisho Dorcas Kashindye, kikapu mkononi, viatu vya kufunga miguuni. Alikwenda dirishani, akanunua tiketi ya raia kama mtu mwingine yeyote, akaandika jina lake kwenye kitabu cha wageni, herufi kubwa, hazikuunganishwa. Kwenye safu ya uraia aliandika "Mtanzania".

Bwana Revocatus aliitwa. Alishuka kutoka ofisini bila kofia.

"Mama Winnie, huna ruhusa ya kufanya kazi hapa."

"Sikuja kufanya kazi, mkuu. Habari za tangu siku zile?"

"Nzuri." Alimgeukia Salum. "Anakwenda wapi huyu?"

"Msituni, mkuu."

"Kufanya nini?"

Salum aliisoma tiketi pande zote mbili, taratibu, kama vile ndiyo kwanza anaiona.

"Kutazama ndege na wanyama, mkuu. Hapa imeandikwa. Mpaka saa kumi na mbili jioni."

Wale vijana wa chuo walikuwa wanasikiliza. Bwana Revocatus aliusoma ubao wa kanuni ulio nyuma ya Salum, mstari kwa mstari, na nilimwona alipofika alipopataka. Alisema mgeni haruhusiwi kuingia msituni peke yake. Sharti awe na mwongozaji, na mgeni atembee nyuma ya mwongozaji. Leo waongozaji wote wana wageni. Samahani sana.

Nilisema mimi sina mgeni.

Nilidhani ataniamuru nirudi ofisini, na nilikuwa nimeshaamua kwamba sitarudi. Lakini yule mzungu alikuwa ameinua kamera kumpiga picha furukombe juu ya paa la geti, na sisi wote tulikuwa chini ya furukombe. Bwana Revocatus alisema tusichelewe kurudi, akapanda kwenda zake.

Dorcas alitoa kwenye kikapu daftari jipya na penseli mbili. Moja akanipa. Akaniuliza kama mkuyu bado una jukwaa, nikasema lipo, ila ngazi imelegea. Akasema ameleta kamba.

Njia inaanzia hapo getini, nyembamba, mizizi imeikatiza kila hatua, na kanuni inasema mwongozaji atangulie. Dorcas alitangulia.